Kadi Mbili za Mtandao

Masanja, mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Shinyanga tu wazima. Mama yako mdogo Kabula amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini mwalimu wenu anafunga kadi mbili za mtandao kwenye seva moja. Hayo nilifundishwa na babu yako, miaka ya tisini, tukiwa mafundi vijana mgodini Geita, kabla hatujaoana. Tuliunganisha seva ya ofisini na ile ya zahanati. Kila seva aliitia kadi mbili, kila kadi ikaenda kwenye swichi yake, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta.

"Swichi moja ingetosha," nilimwambia.

"Ikifa hiyo, nesi atamuuliza nani?"

Masika radi ikaunguza swichi moja. Mchana uleule akaletwa mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe, hajitambui. Nesi alikwisha kuandaa sindano. Akatafuta habari za mgonjwa kwenye seva ya ofisini, zilikotunzwa kumbukumbu za wachimbaji, zikaja kupitia swichi iliyobaki: mwili wake haupatani na dawa ile, ingemuua. Akaiweka sindano chini. Yule mchimbaji alikuja kucheza ngoma kwenye harusi yetu mpaka viatu vikapasuka.

Babu yako hakujisifu hata siku moja. Siku ile aliniambia tu, "Twende tukale."

Tangu usome hayo masomo, ng'wanawane, mwanangu, ninamkumbuka kuliko zamani. Ukija likizo, niletee kadi moja, hata iliyoharibika. Nataka kuishika tu.

Bibi yako,
Milembe