Divine Hajafukuzwa, Anachagua Masomo

Point, Durban
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Goreth,

Bwana aliyetuamsha leo, mimi huku na wewe huko, apewe sifa. Mgongo wako unaendeleaje? Nilikwambia uache kubeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni kwa pamoja, lakini wewe kusikia ni kazi. Mimi niko mzima. Goti la kushoto linanisumbua kukiwa na upepo, na huku Durban upepo hauombi ruhusa. Ila nakula, nalala, na meza yangu ya kuuza ndagala, wale dagaa wa kwetu, na unga wa muhogo pale mjini bado iko.

Naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Darasa la nne lilinitosha, kwa hiyo mistari ikipinda vumilia, usimpe mtu akusomee halafu aongeze ya kwake. Simu sipigi tena kwa jambo hili. Ukisikia sauti yangu tu unaanza kulia kabla sijafika katikati, kisha mumeo anakunyang'anya simu na kuanza kunihutubia. Mama Kelly wa kanisani anarudi huko kwa harusi ya mdogo wake, yeye atakukabidhi karatasi hizi mkononi.

Sasa sikiliza. Mwanao Divine hajafukuzwa chuo. Yuko palepale kwenye uuguzi, mwaka wake ni uleule wa pili, hakuna aliyemtoa. Mwambie mumeo Ferdinand aache kuulizia mabasi ya kumrudisha mtoto. Nimesikia ameshamwahidi kaka yake wa Rumonge kwamba Divine atakuja kukaa dukani kumuuzia vitenge. Nani aliniuliza? Mtoto nimemlea mimi hapa tangu akiwa hajui kuvuka barabara kwenye roboti, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu yeye anatembea tu, leo mtu amgawe kama kuku?

Najua unachosema hapo ulipokaa. Unasema, "Mama, si wewe uliyetuambia amefukuzwa?" Ndiyo, ni mimi. Lakini wewe ni mzazi. Mzazi akiambiwa mwanawe amefukuzwa chuo, anajibu "basi, ni mapenzi ya Mungu" na kukata simu? Hata "kwa nini" hukuuliza! Mimi ningekuwa wewe ningeniuliza.

Ilikuwa hivi. Divine alirudi kutoka chuoni akanikuta nachambua ndagala. Kabla hajakaa akasema, "Bibi, wametuambia kila mmoja achague masomo mawili yasiyo ya uuguzi."

Mkono wangu ukabaki ndani ya beseni. Wewe umekulia kwetu, unajua. Kwetu Warundi mtoto hachagui. Serikali inaangalia alama zako, inakupeleka fakilte inayotaka yenyewe, na ukishafika unabeba masomo yote wanayokupa, upende usipende. Anayeambiwa "haya, chagua kingine" ni yule aliyeshindwa. Wanamtoa polepole ili asipige kelele mlangoni. Nikamuuliza, "Umefanya nini?" Akasema hajafanya kitu. Nani aliyewahi kufanya kitu akasema amefanya?

Nikamwita Papa Gaston, mzee wa kanisa letu. Anaishi ghorofa ya chini yetu, kazi yake ni kulinda magari ya watu mjini, lakini kule nyumbani alifika chuo kikuu kabla vita haijamtoa. Akaja, akakaa, akakunja mikono.

"Bon, Mama," akasema, "hiyo mimi naijua. Wakisema chagua, wamekutoa. Binamu yangu alikuwa udaktari, wakamwambia achague. Leo anafundisha jiografia."

"Papa, huku si hivyo," Divine akasema. "Huku ni kila mtu, hata wale wa..."

"Nyamaza, mkubwa anaongea," nikamwambia. Nikamkataza pia asiguse kompyuta yoyote mpaka nijue ukweli, kwa sababu niliona hivi: akichagua tu, atakuwa ametia sahihi mwenyewe kwamba amekubali kutolewa. Huo ndio ujanja wao, nilifikiri. Ndipo nikakupigia wewe, ukalia, na sasa Ferdinand anatafuta basi.

Habari hapa Point haina haja ya miguu. Kesho yake wamama wa kanisa wakaja kunipa pole. Wamebeba sukari, wamebeba maziwa, wamevua viatu mlangoni, wamekaa chini kwenye mkeka na vitenge mabegani, wananong'ona vizuri kama inavyotakiwa. Divine akaingia na begi lake mgongoni. Alipotuona tumekaa vile, akashika mlango.

"Bibi, nani amefariki?"

Mama Kelly akamjibu bila kuinua uso, "Pole sana, mwanangu. Ni masomo yako."

Mtoto akaangua kicheko. Nikamfokea, kwenye msiba hawacheki. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu nikaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine, kumbe analia. "Mnanililia mimi niko hai," akasema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza." Akaenda nyuma ya pazia kwenye kitanda chake, na chakula hakula. Mimi chakula chake nilikifunika, sikukitupa. Usije ukasema sina huruma.

Ijumaa nikavaa imvutano yangu, vazi letu la sherehe, ile niliyovaa siku ya harusi yako, nikaifunga vizuri begani, nikamwambia Divine, "Twende ukanionyeshe huyo aliyekutoa." Alinibembeleza njia nzima. "Bibi, utaniaibisha." Nikamwambia aibu ni mtoto mwenye akili kurudi nyumbani kuuza vitenge vya shemeji wa mtu.

Mlinzi wa getini alitaka karatasi yangu. Nikamwambia karatasi yangu ni huyu, nikamsukuma Divine mbele. Tukapita.

Walituelekeza kwa mwalimu anayewashauri wanafunzi mambo haya ya kuchagua. Mkenya, anaitwa Daktari Muthoni, lakini si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Nilifurahi kukuta ni Mkenya, maana ugomvi wangu ni mzuri zaidi kwa Kiswahili. Sikukaa. Nikamuuliza nikiwa nimesimama, "Wewe ndiye umemtoa mjukuu wangu kwenye uuguzi?"

Akavua miwani. "Mama, mimi nafundisha historia. Siwezi kumtoa mtu hata kwenye kiti. Hebu keti kwanza."

Nikakaa, lakini pembeni.

"Hakuna mtu amemfukuza," akasema. "Haya yanaitwa masomo ya jumla. Ni lazima kwa wote, wa uuguzi, wa injinia, wa hesabu, wote. Chuo kinataka mtu asitoke hapa anajua kitu kimoja tu. Huyu atashika watu, Mama, si sindano peke yake. Kwa hiyo anaongeza lugha, ama historia, ama mazingira, vile anapenda mwenyewe. Uuguzi wake uko palepale."

"Na asipochagua?"

"Asipochagua, hata akipata alama zote za uuguzi, hatavaa joho."

Nikamgeukia Divine. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Daktari akamuuliza, "Wewe umeshachagua, sivyo? Maana leo saa kumi wanafunga."

"Bado," Divine akasema kwa sauti ya chini. "Nilikatazwa kugusa kompyuta."

Goreth, sikia hili. Nilikuja kumpigania asitolewe, kumbe anayemzuia mlangoni ni mimi niliyevaa imvutano.

Daktari Muthoni akamsogezea Divine kompyuta. Nikavuta kiti changu hadi nikaona kioo. Masomo mengi yalikuwa mekundu, na mekundu maana yake yamejaa, watoto wa wenzetu ambao hawana bibi kama mimi walishakaa. La mazingira lilikuwa wazi. Ni kujifunza maji machafu, takataka, na moshi wa viwanda kama vile vya Jacobs hapa Durban, ambako watu wanakohoa kama wamezaliwa nao. Divine akasema hilo litamfaa, akalibonyeza. Moja likapatikana, nikapumua nusu.

La pili ndilo lililoleta shida. Kulikuwa na Kifaransa cha wanaoanza, na ilibaki nafasi moja. Mkono wa Divine ukaanza kuelekea huko, polepole, kama mwizi wa sukari.

"Wewe!" nikamwambia. "Kifaransa cha wanaoanza, wewe unayeota kwa Kifaransa?"

"Bibi, wenzangu wote wa kwetu wako humo. Ni alama za bure."

Daktari akacheka mpaka akafuta macho. "Ni kweli, Mama. Wamejaa humo Warundi na Wakongo, wote wanajifanya hawajui hata bonjour. Mwalimu wao anashangaa vile wanaelewa haraka."

"Basi wabaki na wizi wao," nikasema. "Sikumlea mtu wa kukaa darasani akijifanya mjinga."

"Sasa nichukue nini?" Divine akaniuliza, na safari hii alinitazama usoni. "Masomo yamejaa. Saa kumi inafika. Bibi, unataka nisome nini?"

Nikamwambia, "Sema wewe."

"Kizulu," akasema. "Nilikitaka tangu siku ya kwanza. Lakini kimejaa."

Hapo nikashtuka. Kizulu? Nikamwambia Kizulu mimi ninacho, nimekiokota bure mezani kwangu. Woza sisi, shibhile, yaani njoo dada, bei rahisi. Unalipia cha nini?

"Bibi, Kizulu chako ni cha kuuza," akasema. "Mimi nataka cha kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, na kuelewa akinijibu."

Mtoto huyu hajawahi kunijibu hivyo. Ningekuwa nyumbani ningemwonyesha. Lakini alisema kweli, na pale ofisini sikuwa na pa kukimbilia. Nikamgeukia yule Mkenya, nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemchelewesha, si yeye. Kama kuna mtu wa kuombwa, niambie nikamwombe hata kwa magoti, ingawa moja ni bovu."

"Wacha magoti, Mama," akasema. Akachukua simu, akampigia mwalimu wa Kizulu. Wakaongea Kiingereza kirefu. Nilikuwa namwangalia mdomo kama naangalia chungu cha ugali. Akasema eish, akasema tafadhali, akasikiliza sana, nikafikiri basi. Mwishowe akasema "sharp", akaweka simu chini.

"Amekubali. Ila darasa limejaa kweli, atakaa kwenye ngazi za humo darasani mpaka kiti kipatikane."

Divine akabonyeza, jina lake likatokea. Mimi nikapiga vigelegele mle ndani. Walimu wa vyumba vingine wakachungulia, Divine akafunika uso, na Daktari Muthoni naye akapiga cha kwao, kirefu kuliko changu. Nilimwachia kifuko cha ndagala nilichokuwa nimebeba. Alisema walimu hawaruhusiwi kupokea zawadi. Nikamwambia hiyo si zawadi, ni samaki.

Tangu siku hiyo nalala. Papa Gaston anatangaza kanisani kwamba yeye tangu mwanzo alijua ni masomo ya jumla. Nimemwacha, mtu akilinda magari jua zima anahitaji kitu cha kujivunia. Wamama sukari yao hawakuidai, tunainywa.

Na nikuambie jambo la wiki iliyopita, halafu umsomee Ferdinand kwa sauti. Wanapelekwa wodini siku hizi kujifunza. Bibi mmoja wa Kizulu, wao wanasema gogo, alikuwa anakataa kuguswa. Anasema hataki mgeni, wageni wamejaa kila mahali, hata hospitali. Manesi wamechoka naye. Divine akakaa kwenye kiti kando yake, hakumgusa, akamuuliza, "Kubuhlungu kuphi, Gogo?" Yaani, unaumwa wapi. Yule bibi akamtazama, akamwambia umesema vibaya, rudia. Akarudia. Vibaya tena. Akamrudisha kwenye neno hilo mpaka likakaa sawa mdomoni, ndipo akanyoosha mkono mwenyewe na kumwonyesha pale panapouma. Divine alirudi nyumbani akinisimulia amesimama, hata viatu hakuvua, na anarusha mikono. Wewe unamjua alivyo mkimya. Mimi nilimwambia tu ale, chakula kinapoa. Nikageuka upande wa jiko, maana moshi wa vitunguu uliniingia machoni.

Sasa msalimie mama yako mkubwa, mwambie dawa za presha hazinywewi pamoja na bia. Msalimie mjomba wako fundi baiskeli, na mke wake ambaye hanisalimii, mimi namsalimia. Wadogo zake Divine uwabusu wote, na yule kifunga mimba umwambie nitamtumia viatu akiacha kukojoa kitandani. Mama mkwe wako mpe heshima zangu zote. Ferdinand nimemweka mwisho makusudi. Mwambie namheshimu, ni mkwe wangu, na akitaka kujua habari za binti yake amwandikie mwenyewe, aulize, asubiri jibu. Na kaka yake wa Rumonge atafute msichana mwingine wa kukaa dukani. Huyu Jumanne asubuhi ana Kizulu.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata nikikufokea,

Bibi wa Divine