Ng'ombe Hafanyi Mtihani, Ekiru

Mjukuu wangu Ekiru,

Ejok sikupi. Salamu ni ya mtu anayefika, na wewe hufiki. Kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni safari ya lori, si safari ya kufa. Lori la mahindi linafika. Gari la misheni linafika. Hata yule mnunuzi wa ngozi anayetudanganya kila mara anafika, anakaa, anakunywa chai yangu na kunidanganya tena. Wewe tu ndiye umekaa huko kama mtu aliyefungwa kamba mguuni. Kibanda chako kimeanguka upande mmoja na mbuzi wanalala ndani. Sikuwafukuza. Wao angalau wanalala nyumbani.

Anayeandika haya ni mke wa mwalimu. Nimemwambia asipambe kitu. Nikisema umenichefua, aandike umenichefua. Ameniuliza mara mbili kama kweli nataka neno hilo. Ndilo nalitaka.

Nilikulea tangu mama yako alipotuacha, ukiwa hujaota meno ya mbele. Nilikutafunia nyama. Sijawahi kukuonea kinyaa, hata ulipokuwa unaharisha mgongoni mwangu njia nzima kwenda kwa masista wa hospitali. Kinyaa cha kwanza nilikiona siku ile nilipokuja Lodwar mwaka huu. Unaikumbuka? Mimi naikumbuka mpaka harufu.

Dereva wa lori ndiye aliyeniambia. Alisema, "Mama, kijana wako amekonda, anaongea peke yake, na jirani wanasema amerogwa." Nikapanda juu ya magunia, nikaja. Nilipofika penye vile vyumba vya makarani, wa kwanza kuniona alikuwa Barasa, yule karani mwenzako mnayegawana naye ukuta. Alikuwa anafua shati.

"Karibu mama mzee. Wewe ndiye mwenye huyu?"

"Ni wangu. Amefanya nini?"

"Anaimbia ng'ombe. Kila jioni. Mimi sasa namjua huyo ng'ombe kuliko ninavyomjua mke wangu."

"Na ule mtihani wake wa vitabu vya hesabu?"

"Mtihani wa kijana sijui," akasema, akakamua shati. "Lakini ng'ombe atapita."

Nilicheka, Ekiru. Nilicheka kwa sababu sikuwa nimefungua mlango.

Dirisha ulikuwa umelifunga kwa gunia, katika joto la Lodwar! Chumba kinanuka kahawa iliyochacha, miguu na mafuta ya taa. Karatasi zimebandikwa ukutani mpaka juu ya kitanda, na kitanda hakina alama ya mtu kulala. Na wewe umekaa katikati, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili usisinzie, macho mekundu kama ya mtu aliyepigwa mchanga. Nikauliza, "Maji haya ni ya nini?" Ukasema, "Ya kunikeshesha, Ata." Maji! Ulikulia kwangu. Ulichimba mchanga wa mto Tarach pamoja nami mpaka shimo likakufika kifuani, tukangoja yatoke kidogo kidogo, tukachota kwa kikombe. Leo unaosha usingizi kwa maji ambayo mbuzi wangekunywa wakanenepa. Nilitaka kulichukua beseni lile nikumwagie kichwani, lakini hayo pia yangekuwa maji yamepotea.

Lakini beseni si kitu. Kilichonichefua hasa ni wimbo.

Sikuuelewa mara moja. Niliketi mlangoni nikakusikia unaimba wimbo wa Longor. Nilidhani moyo wako umerudi nyumbani. Longor, maksai wako mwenye rangi ya udongo mkavu, ambaye baba yako mdogo alimpinda pembe ya kushoto kwa jiwe akiwa bado ndama, ili awe mzuri. Ulipewa akiwa mdogo nawe ukiwa mdogo. Ulimtungia wimbo mwenyewe. Ukiuimba unainua mikono yako iwe pembe zake, wa kushoto umekunjwa, wa kulia umenyooka, na wasichana wa mto wote walikuwa wanakutazama, usijifanye umesahau.

Basi siku ile nikasikiliza maneno. Hayakuwa maneno ya Longor. Ulikuwa unamwambia Longor kwamba kinachoingia kiandikwe kushoto, ee Longor, na kinachotoka kiandikwe kulia. Ulikuwa unamwambia habari za mizania na mtaji na wadeni. Umemtoa ng'ombe malishoni ukamtia ndani ya duka la watu! Huku kwetu mtu akiuchezea wimbo wa maksai wa mwenzake wanapigana mpaka damu. Wewe umeuchezea wa kwako mwenyewe.

Nikakuuliza, "Nani alikufundisha kusoma hivi?"

Ukasema, "Hakuna, Ata. Masomo yanakuja kwa posta, hakuna mwalimu. Nikisoma vinatoka. Nikiimba vinakaa."

"Vinakaa wapi?"

"Kichwani."

"Na siku ya mtihani vilikuwa wapi?"

Hapo ukainamisha kichwa ukaniambia yote. Kwamba mara ya kwanza ulianguka. Kwamba mara ya pili, ndani ya ukumbi ule mkubwa wa Nairobi, swali lilianzia katikati, na wewe katikati ya wimbo huwezi kuingia bila kuanza mwanzo. Ukaanza mwanzo, kimya kimya, midomo inacheza. Mikono ikapanda yenyewe. Msimamizi akaja akakuuliza, "Kijana, unaumwa?" Watu wakacheka. Na aibu ilipokushika, ukafumba macho ukamtafuta Longor akusaidie, ukamwona amesimama mbele yako anakutazama.

Anakutazama! Ekiru, ng'ombe anayekutazama, pembe yake ya kushoto iko upande wa mkono wako wa kulia. Ukafuata pembe. Vya kushoto ukaviandika kulia, vya kulia ukaviandika kushoto, karatasi nzima, kwa mwandiko mzuri. Longor hana kosa. Alisimama vizuri kabisa. Ni wewe uliyemuuliza ng'ombe swali la karani.

Nilikasirika, nikasema maneno ambayo mke wa mwalimu amekataa kuyaandika. Nawe ukasema neno lako baya zaidi kuliko yangu yote. Ulisema, "Sitarudi Kakuma mpaka nipite. Na nikianguka mara ya tatu, napanda gari la Kitale, hamtaniona tena." Ulisema hivyo ukiwa na miguu majini kama mtoto. Nikainuka nikaenda kulala kwa akina Barasa, na asubuhi nikapanda lori bila kukuaga. Ndiyo maana nakuandikia. Sikumaliza kusema.

Juu ya lori, pale njia inapokuwa mawe na mtu hana kazi ila kushika kamba, nilikumbuka jambo ulilolitaja ukalipita kama kinyesi cha mbuzi njiani. Ulisema mara ile ya pili kuna karatasi moja ulipita. Moja tu. Ile iliyokuwa na mambo ya uchakavu ndani. Nikajiuliza, kwa nini hiyo?

Sasa wewe kumbuka na mimi. Mara yako ya mwisho kuja nyumbani, baada ya kuanguka mara ya kwanza, tulikuwa mtoni tunachimba maji. Ulikuwa umeleta kitabu hata huko. Nilikuuliza, "Leo unasoma nini?" ili tu usinyamaze. Ukasema, "Uchakavu, Ata. Tajiri akinunua lori, kila mwaka anaandika kitabuni kwamba thamani yake imepungua."

"Nani ameichukua hiyo iliyopungua?"

"Hakuna aliyechukua."

"Basi ameiweka wapi?"

"Hajaiweka mahali."

Nikatema tumbako. Nikasema huo ni wizi, na tajiri wako anaibiwa na karani wake. Ukaanza tena, nikatema tena. Ukasoma kile kitabu kama kilivyo, nikakuambia sikuuliza kitabu, nimekuuliza wewe. Uligombana nami mpaka ukarusha koleo. "Ata, wewe ni mgumu kama jiwe la kusagia!" Nami nikasema, "Ndiyo. Saga."

Ukaenda ukaliokota koleo. Halafu ukalitazama vazi langu la ngozi, hili nililolishona nilipoolewa. Ukasema polepole, "Ata, ngozi hii ilipokuwa mpya, ungekubali kuibadilisha kwa mbuzi?"

"Kwa mbuzi mwenye mimba."

"Na leo?"

"Leo hata kuku simpati."

"Nani amechukua huyo mbuzi?"

Sikutema. Nilitazama ngozi yangu, jinsi ilivyolika magotini kwa kupiga magoti kisimani na kwa kuwabeba ninyi. Nilisema, "Ameliwa na kazi." Na wewe ukaruka ndani ya shimo ukapiga kelele kama aliyeona nyoka, "Kumbe! Kumbe ndivyo! Ameliwa na kazi, kwa hiyo kila mwaka wa kazi lazima ubebe kipande chake!" Ulikuwa unaniambia mimi, lakini ulikuwa unajiambia wewe. Mimi nusu ya mwisho sikuielewa, wala sina haja nayo. Lakini uso wako niliuona. Siku ile hukuimba. Siku ile hata kitabu kililowa ukasema si kitu.

Na hiyo ndiyo karatasi uliyopita, Ekiru. Hukuipita kwa wimbo. Hukuipita kwa beseni. Uliipita kwa sababu kikongwe mmoja alikataa kukubali mpaka uelewe wewe.

Nimechukizwa nawe zaidi baada ya kugundua hivyo. Dawa ilikuwa mkononi, ukaitupa, ukarudi kujifungia ndani ya gunia. Unakaa mbali na nyumbani mpaka upite, na nyumbani ndiko ulikopitia! Huyo aliyekufundisha kwamba mtu akishindwa afiche uso wake mbali na watu wake, sikumzaa mimi. Hapa mtu mifugo yake ikifa anakuja na mikono mitupu, anakaa kwenye moto wa ndugu yake, anapewa wa kuanzia. Hatumwambii arudi akiwa tajiri.

Basi sikiliza nitakavyo. Ondoa lile gunia dirishani leo, kabla hujakunja barua hii. Maji ya beseni mpe Barasa afulie, ni haki yake kwa yale masikio yaliyovumilia wimbo wako. Bandua makaratasi ukutani. Kula kitu kabla ya kahawa. Lala, mtu asiyelala hata mbuzi wake mwenyewe humwita wa jirani. Ukisoma jambo, funga kitabu, mwambie Barasa kwa maneno yako, na akisema "ndiyo, ndiyo" ujue anataka kulala, mwambie tena mpaka abishe. Swali likija, lisome mpaka mwisho kabla mkono haujaenda, kwa sababu kitabu kinasema duka la viatu na watunga mtihani wataweka shamba la kahawa, na mtu wa wimbo hapo hufa. Lile unalolijua lianze kwanza ili moyo ushuke. Haya si maarifa yangu. Ni yako, uliyafanya mbele yangu pale mtoni, nami ninayo kumbukumbu.

Na Longor mwache. Yuko upande wa Lokichoggio na baba yako mdogo, amezeeka, anatembea nyuma ya wengine, lakini ile pembe bado nzuri. Akiimbwa, aimbwe yeye.

Nasikia mtihani ni kabla ya Krismasi. Mimi sihesabu siku, lakini naona mwezi, na najua muda bado upo. Ukianguka tena, kijana wangu, utaanguka ukiwa hapa, na kesho yake utachunga, na kesho kutwa tutaanza tena. Kitale haina mtu wa kukutemea mate ya baraka kifuani. Nilikuja Lodwar nikaondoka bila kukutemea, na tangu siku hiyo tumbako yangu haina ladha. Nimekuchukia sana. Kama ningekuwa nakupenda kidogo, nisingechukia hivi.

Ukija, shuka penye daraja la mto, usipitie kwa mtu kwanza, wala usiulize habari za Longor. Njoo moja kwa moja shimoni, asubuhi, nitakuwa nachimba. Lete tumbako na kitabu kimoja, kile kinachokutisha kuliko vyote. Uliwahi kunitajia kwamba jina zuri la duka nalo linaandikwa kama mali, na mtu analinunua. Anzia hapo. Shika koleo, chimba, eleza, na usitoke kwenye shimo mpaka niache kutema.

Mimi, Ata, nyanya yako wa Kakuma, ambaye bado haamini habari za hilo jina la duka.