Madoa Amezaa

Kaka Katana,

Shikamoo. Sisi hapa Ukunda wazima, natumai nawe huko Doha u salama. Hoteli imenipa likizo, kwa hiyo nimecheza gemu zote ulizoniachia. Nikwambie ukweli: ile ya mpira ni mbovu, mabeki wanasinzia na refa haoni. Ya magari ni tamu, ingawa naendesha kama tuktuk. Ya vita sitaki hata kuisikia; mtu anakufa, mara kafufuka anakimbia.

Ya shamba ndiyo bora, lakini Mama haniachii. Tangu ahamie kwangu kutoka Kinango, rimoti ni yake. Ng'ombe wa humo amewapa majina ya wale wetu, na huwanywesha kabla yeye hajanywa chai. Siku hizi anacheka tena.

Jumapili ulipompigia ukawaulizia ng'ombe, akakujibu Madoa amezaa, hakukudanganya. Amezaa kweli, nimemwona kwenye televisheni. Wale wa Kinango kiangazi kiliwamaliza wote, na Mama alinikataza kukwambia.

Usimlaumu. Ukipiga tena, muulize ndama ni wa rangi gani.

Mdogo wako,
Kache