Kwa Hamisi Litunungu, Mbunge Aliyeanza na Mama Yake

Baba Zainabu,

Mwaka umetimia wiki hii tangu utuache, mwezi wa nane, mikorosho ikiwa kwenye maua na panga lako likiwa bado na utomvu wa majani. Watoto wamenipa mimi kalamu, wanasema mama ndiye aliyekujua zaidi. Sina hakika. Mke wa mbunge humpata mumewe akitoka kwa watu, na hapo huwa ameshachoka.

Wengine wanakukumbuka kwa cheo. Mimi nakukumbuka ulipokuwa kuli bandarini, ukibeba magunia ya korosho mpaka bega la kulia likashuka. Tangu hapo hakuna suti iliyokukaa. Mohsinali, fundi cherehani wa Mikindani, alikuwa akikuona tu anaanza kucheka kabla hajashika futi.

Mwaka wa sitini na tano ulipogombea, ulipewa alama ya nyumba na mwenzako jembe. Nikakuambia umekwisha, mkulima gani ataliacha jembe. Ukapanda baiskeli ukaenda kijiji kwa kijiji, na wala hukuhutubia sana, ulisalimia tu. Kutoka kwetu Chuno mpaka sokoni, mwendo ambao mimi naenda na kurudi maji ya chai hayajachemka, wewe ulitumia asubuhi nzima kwa sababu ya salamu. Ulishinda, na mwaka wa sabini ukashinda tena. Bungeni uliomba zahanati ukaipata. Uliomba barabara, ukapata nusu yake.

Kwa mama yako ulikuwa na utaratibu wako. Ulivua viatu mlangoni, ukachuchumaa, ukasema, "Shikamoo, mama," ukangoja marahaba ndipo uingie. Hata wageni wa serikali wakikungoja garini, hukuingia ndani kabla hujaitikiwa. Nilikutania kwamba ubunge wako unaishia kwenye kizingiti cha Bi Mwanakombo. Ulicheka ukasema ndipo unapoanzia.

Ikaja sabini na mbili. Ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vimepamba moto, na mizinga ilisikika mpaka Chitandi, kijiji ulikozaliwa. Amri ikatoka kwamba watu wa kando ya mto wahamie kijiji kipya cha barabarani, upande wa Mpapura. Watu hawakutaka. Wazee walikuja kwako wakakaa barazani siku mbili, wakakuambia wewe ndiye mdomo wao.

Siku ya mkutano ulisimama mbele ya watu wote na wageni kutoka mkoani. Ukasema, "Wa kwanza kuhama atakuwa mama yangu. Na mikorosho yetu haiendi popote, kila msimu tutarudi kuokota." Mimi nilikuwa nimekaa na mama kwenye mkeka wa wanawake. Nikaiona mikono yake ikiacha kusuka ukili wa mkeka.

Hukuwa umemwambia. Hapo ndipo ulipokosea, na nilikuambia siku ile ile, kwa hiyo sikusemi leo kwa kuwa huwezi kunijibu. Mama wa umri ule angekataa vipi mbele ya kadamnasi bila kumwaibisha mwanawe? Alihama. Nyumba yake ilibomolewa ya kwanza, ndipo wengine wakafuata. Aliliacha kaburi la mumewe, na mikorosho saba aliyoipanda kwa mikono yake, mmoja kwa kila mtoto aliyemzaa, pamoja na wale watatu waliokufa wachanga.

Juma lililofuata tulimwendea kijiji kipya. Ukavua viatu, ukachuchumaa, ukamwamkia. Hakuitikia. Ulibaki pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikakushika mkono ndipo ukasimama. Mama alinigeukia mimi.

"Halima," akasema, "mwambie mumeo alinihamisha mbele za watu kabla hajaniambia ndani ya nyumba."

Kutoka kijiji kipya mpaka Chitandi ni saa nne kwa miguu. Msimu wa kwanza watu walikwenda. Msimu wa pili nyasi zilifika kifuani, na korosho ikiangukia kwenye nyasi haiokoteki. Kisha moto wa wawindaji ukapita, ukala mashamba ya watu walioliamini neno lako. Walikuja kukueleza nyumbani. Uliwasikiliza mmoja mmoja, ukawasindikiza mpaka njiani.

Ukaanza kwenda mwenyewe kila Jumapili. Mheshimiwa mzima, suruali umeikunja, panga umelifunga kwenye baiskeli, unakwenda kufyeka chini ya mikorosho saba na kuilimia njia ya kuzuia moto. Ulirudi na mbigili kwenye soksi. Uliniambia mizinga ikilia ng'ambo unafyeka haraka haraka, nami nikakukaripia kwamba unajitafutia kifo. Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Korosho zikianguka ulijaza kikapu, ukakipeleka mlangoni kwa mama, ukavua viatu, ukasema shikamoo. Kikapu alikipokea. Salamu hakuipokea. Ilikuwa hivyo miaka miwili, na hukuwahi kupita bila kumwamkia.

Jumapili ile ya mwisho ulirudi ukasema kichwa kinakugonga. Ukaomba maji, ukaomba na mto wa kulalia. Jumanne hukuwa wetu tena.

Wakubwa walitaka ukazikwe mjini kwa heshima za cheo chako. Mama alisema neno moja tu, "Chitandi." Tulipewa ruhusa ya kutwa moja kwa sababu ya vita. Waliokubeba ni watu wale wale uliowahamisha, mwendo wa saa nne, wakipokezana. Jeneza lilipotolewa nyumbani kwake kule kijiji kipya, kila mtu alimtazama mama, naye alikuwa ameuelekea ukuta. Sisi wanawake hatuendi makaburini siku ya mazishi, kwa hiyo mliachana hivyo, bila neno.

Sasa vita vimekwisha. Ng'ambo wamepandisha bendera yao mwezi wa sita. Kilichotuhamisha hakipo tena, baba Zainabu, na hakuna aliyerudi, kwani Chitandi sasa ni pori. Iliyosimama ni mikorosho saba tu.

Ijumaa iliyopita mama alitaka apelekwe huko. Mdogo wako Saidi alimpakia kwenye baiskeli yako, sisi tukafuata kwa miguu. Alipofika kaburini alivua kandambili, akachuchumaa kwa taabu, kama wewe ulivyokuwa ukichuchumaa mlangoni kwake.

"Marahaba, Hamisi," akasema. "Ya leo, na ya siku zote ulizoniamkia."

Kisha akaomba panga, akaanza kufyeka chini ya mkorosho wako. Hatukuweza kumzuia. Nilimkasirikia, halafu nikamwonea huruma, na mpaka sasa sijui ni lipi lililobaki moyoni mwangu. Ulikuwa mlangoni kwake miaka miwili mizima, na neno lenyewe limekuja wakati huwezi kulisikia. Nimeliandika hapa kwa kuwa sina njia nyingine ya kukufikishia.

Unakumbukwa na mama yako, Bi Mwanakombo, aliyeomba jina lake litangulie. Mimi mkeo, Halima. Wanao, Zainabu na Bakari. Mdogo wako, Saidi. Na watu wa Chitandi, popote walipo sasa.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Sisi hatutakusahau, Hamisi. Kila tutakapoitikiwa salamu, tutakukumbuka.