Turubai la Isaka

Na hilo uliloniandikia, la mwalimu wako kukukataza kuruka kutoka mlimani kwa mwavuli wa kupaa angani mpaka upepo utulie, mjukuu wangu, usimnunie.

Marahaba. Sisi wazima. Harusi yetu ina wiki tatu tangu ifungwe, na bibi yako mpya bado ananichekesha hadi chai inapoa.

Ujanani, pale stesheni ya Isaka, tulikuwa tukifunika pamba kwa turubai. Nikajifunga kamba yake kiunoni, nionekane dume. Upepo ukalijaza turubai, ukaniburuta hadi relini. Wenzangu wakakata kamba. Binti muuza vitumbua akacheka: “Kaka, upepo ni ng'ombe wako, uufunge kamba?”

Ndiye huyu niliyemwoa sasa, uzeeni. Jana kasoma barua yako, akasema, “Mwambie asubiri. Wewe ulinisubiri mpaka mvi.”

Kabla mwezi haujaisha tutakuja wote wawili, tukuone ukiruka.