Ngazi za Saint-Aubert

Fridley, Oktoba 14

Dada yangu mpendwa Pamela,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na baada ya tafakuri ya muda mrefu, mimi mdogo wako Lusajo nakutangazia rasmi kwamba nimenunua viatu vya kutembelea. Vina kamba nyekundu. Muuzaji aliniapia kwamba haviingizi maji, nikamwamini, maana siku hizi na kichwa changu hakiingizi kitu. Ukoo mzima uarifiwe.

Natumaini wewe na shemeji mko wazima, na kwamba goti lako limetulia baada ya ile baridi ya Tukuyu kupita. Sisi hapa tu wazima kiasi. Mwanetu Atupele amefaulu mtihani wa udereva. Namsalimu kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na tunaelewana vizuri kuliko wabunge. Mke wangu Leah naye ni mzima, ingawa hali yake naijua kwa kumtazama tu, kwani huu ni mwezi sasa, ukiacha jana, hasemi nami ila kuniambia chakula kiko mezani. Masanduku yake mawili yako mlangoni, na dada yake aliyeko Blaine ameshamwandalia chumba.

Hayo unayajua, kwa sababu Leah ndiye aliyekupigia. Nawe ukaniagiza nikujibu kwa maandishi, ukisema kwamba kwenye simu nakuzungusha kwa vichekesho hadi unasahau ulichopigia. Umetaka jibu la swali moja: je, ni kweli natembea na mama Joyeuse? Nisipojibu kwa kueleweka, umesema, wewe mwenyewe utamshauri Leah abebe masanduku.

Basi nianze mwanzo. Kanisani kwetu, kule Brooklyn Park, wengi ni ndugu zetu wa Kongo. Huku ughaibuni mtu huenda kwa gari hata kutupa takataka, kwa hiyo sukari na presha zimetuota kama magugu. Shemasi Byamungu akaanzisha kikundi cha matembezi kila Jumamosi, akauliza nani anajua milima. Dada, laiti ungekuwepo ukanifumba mdomo. Nilisimama nikasema nimezaliwa chini ya Mlima Rungwe, na kwamba kwetu tulikuwa tunaupanda kabla ya chai ya asubuhi. Wakanipigia makofi, wakanifanya kiongozi. Hakuna aliyeuliza kama katika hiyo "tulikuwa" na mimi nilikuwemo.

Tulianza watu kumi na wanne. Mwezi wa pili tulibaki watatu: mimi, mama Joyeuse, ambaye ni mjane kutoka milima ya juu ya Uvira, na Shemasi mwenyewe, anayetembea hatua hamsini nyuma yetu akiongea na simu.

Ndipo Shemasi akaliona jina la Saint-Aubert kwenye ramani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Alifurahi kama aliyeona barua ya mjomba. Akatuambia huo ni mji wa Wafaransa, wenye vivutio vinne, na kwamba hatimaye atazungumza na watu wanaojua lugha. Akavaa koti la suti. Tulipofika akaingia duka la kwanza na kumwamkia mama mwenye duka kwa Kifaransa kirefu, chenye habari za safari na pongezi za mji. Yule mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa Kiingereza kwamba choo ni cha wateja tu. Wenyeji wenyewe jina la mji wanalitamka "Sentobati", kama aina ya dawa ya minyoo. Nadhani Mfaransa wa mwisho aliondoka hapo kwa aibu.

Na hivyo vivutio! Cha kwanza kinaitwa Maporomoko ya Bibi Arusi. Dada, bomba la jirani yako likisahauliwa wazi linaporomosha zaidi. Watu wamesimama mbele yake na kamera zenye pua ndefu, wananong'ona kama wako msibani. Cha pili ni Kiti cha Askofu, yaani jiwe. Limezungushiwa uzio na kuwekewa kibao kinachoeleza kwamba ni jiwe. Cha tatu ni pango ambalo kuku wa kwetu angekataa kulalia mayai yake humo. Nje ya hesabu kuna na mlima pia. Nilikuwa nimeshaupita ndipo mama Joyeuse akanionyesha kwamba ule ndio. Na wapandaji wake wameshika fimbo mbili mbili, wamefunga chupa za maji viunoni, nyuso zimekakamaa, utadhani wanavuka kwenda kuteka nchi. Mimi nikapita katikati yao mikono mfukoni, nikiwahurumia kwa sauti.

Cha nne ni ngazi za chuma zinazoteremka genge hadi mtoni. Ngazi za kawaida tu. Tukarudi nyumbani.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, mama Joyeuse akasimama na kitenge chake kipya, akasema hivi, nanukuu: "Minashukuru Mungu juu ya papa Lusajo. Miezi mbili minatembea naye, na sukari yangu imeshuka. Na ile siku ya Saint-Aubert tulishikana mikono masaa mbili, hakuniachilia hata kidogo!"

Wakongo wote wakaitika haleluya. Kwao kutembea ni miguu. Sisi Watanzania, nawe unajua maana ya mwanamume kutembea na mwanamke, tukainamia vitabu vya nyimbo kana kwamba noti zimebadilika. Mzee mmoja wa Iringa akakohoa mpaka akapewa maji. Leah alikuwa pembeni yangu. Aliusogeza mkoba wake katikati yetu, taratibu, na tangu siku hiyo haujaondoka.

La kutembea nililieleza ndani ya gari, na Leah si mjinga, alilielewa. Akauliza swali moja: na mikono, saa mbili? Nikamwambia mama Joyeuse aliogopa ngazi, nikamsaidia. Leah akaenda kwa mama Joyeuse kumpa pole. Rachelle, binti wa huyo mjane, akacheka, akamwambia kwamba mama yake ameshuka magenge ya Uvira na mtoto mgongoni na gunia la muhogo kichwani, ngazi zipi za kumtisha? Leah akarudi nyumbani akatoa masanduku.

Sasa dada, kaa chini.

Zile ngazi ni za chuma chenye matundu. Ukitazama mguu wako unaona mto, mbali kule chini, mdogo kama uzi. Kwenye ngazi ya thelathini na kitu miguu yangu ilikataa. Nilikaa, nikaukumbatia mhimili, nikafumba macho, na nikamwita mama. Watu wenye fimbo mbili mbili wakanivuka. Mbwa akanivuka. Shemasi alikuwa amebaki garini na simu yake. Bibi mmoja akanipa biskuti. Mama Joyeuse, aliyekuwa ameshafika chini, akapanda tena, akanifunga macho kwa kitenge kama mbuzi wa mnadani, akanishika mkono, na tukapanda kinyumenyume, mimi kwa makalio, ngazi moja moja. Ili nisifikirie mto alinifundisha kupika sombe, yaani kisamvu cha kwao, kuanzia kutwanga majani. Hakucheka. Nilimwapisha asimwambie mtu kwamba niliogopa, naye ametimiza: alisema yote isipokuwa hilo. Dharau zote ulizosoma hapo juu nilizitunga ndani ya gari wakati wa kurudi.

Miaka ishirini na sita nimemwambia Leah kwamba mimi ni mtu wa milima, na nimemcheka kwa kuogopa lifti. Wewe ndiye unayejua kwamba Rungwe nimeutazama tu kutoka uani. Nikapima: anidhanie mzinzi, au ajue mimi ni mwoga? Nikachagua mzinzi.

Jana mchana nilimweleza yote. Nilitegemea angecheka. Hakucheka. Aliniuliza kama nimeona kwamba akina mama wa Kitanzania wamehama benchi la mama Joyeuse, na kwamba Jumapili iliyopita alikaa peke yake asijue kosa lake. Nilikuwa nimeona. Akasema basi kumbe nimemwacha yeye alie na mjane wa watu atengwe, ili miguu yangu isipate aibu.

Sharti lake ni kwamba Jumapili nisimame niseme yote mbele ya kanisa, bila mzaha hata mmoja. Akisikia mzaha, anaondoka. Nimejaribu mbele ya kioo mara nne. Kila nikifika kwenye biskuti, nacheka.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo wa Kiwira, na wote wanaoniulizia. Niombee.

Ni mimi mdogo wako,
Lusajo