Damu ya Namba Nne

Jumatatu, 2 Juni
Damu kumi na tisa leo. Vidole ganzi, baridi ya Timau haina adabu. Wanawake wa shamba la maua wanakuja kwa zamu: asubuhi wanajibu maswali ya fomu, wanarudi kufunga maua, mchana wanatolewa damu. Tunatafuta kaswende na magonjwa mengine ya zinaa kwa watu wasio na dalili. Hakuna majina. Kila mmoja ana kadi yenye namba, na namba ndiyo inayounganisha fomu na damu. Wazo langu hilo. Najivunia.

Alhamisi, 12 Juni
Majibu ya maabara yamefika. Namba nne: kaswende. Fomu ya namba nne ni ya mjane wa miaka hamsini na sita anayelea wajukuu. Hutokea. Kesho nitamwita, nimweleze taratibu.

Ijumaa, 13 Juni
Siku mbaya. Mjane alikuja, yule ambaye shamba zima humwita Cucu, yaani nyanya. Kabla sijasema lolote nikamwuliza kama kadi yake ilikuwa namba nne siku ile ya damu.

"Hiyo nilipatia Muthoni, daktari. Ako na tumbo kubwa, angesimama kwa laini aje? Mimi nikachukua yake, ya kumi na nane."

Walidhani ni namba za foleni! Kama za hospitali. Basi wakabadilishana: mwenye mgongo mbovu akapewa ya mbele, anayenyonyesha vilevile, wenye nguvu wakarudi nyuma. Wema mtupu. Sisi tuliwaambia wasipoteze kadi, hatukuwaambia ni ya nini. Hakuna hata moja iliyopotea. Mjinga ni mimi.

Kwa hiyo damu ile ni ya Muthoni. Fomu yake, ile ya kumi na nane, inasema mimba ya miezi saba. Asipodungwa penisilini mapema, mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa, au asizaliwe hai. Na Cucu anasema ameacha kazi wiki iliyopita, ameenda kujifungulia kwa mama yake Mukurweini. Simu yake imezimwa.

Cucu nilimwambia tu kwamba tumekosea na tutarudia watu wote. Aliniangalia sana. Kisha akarudi kufunga maua.

Jumamosi, 14 Juni
Simu ya Muthoni bado imezimwa. Mkuu wa utafiti alinipigia kutoka Nyeri. Anasema jumla ya wagonjwa haibadiliki, ripoti iende hivyo hivyo. Jumla kweli haibadiliki. Lakini umri, ndoa na mimba vyote viko kwa mtu mwingine, sasa tutakuwa tumejifunza nini? Nikamkatalia kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Kisha nikaogopa. Kazi hii naihitaji.

Jumanne, 17 Juni
Mukurweini. Ruhusa ya kumfuata Muthoni nyumbani ilitoka jana jioni. Boda boda, matope, migomba. Niliulizia nyumba tatu kabla ya kuipata. Mama mtu alitaka kujua mimi ni nani. Nikasema ni muuguzi, nafuatilia wajawazito. Nusu ya ukweli.

Kwenye zahanati ya pale nikampima Muthoni tena, tone la kidole. Mistari miwili: anayo. Amelia bila sauti. Sindano haiogopi, anamwogopa mume, aliyeko Nanyuki kwenye kazi ya mjengo. "Ataniambia nikae huku kwetu kabisa." Ana miaka ishirini na mbili. Nikamweleza kwamba sindano ni tatu, moja kila wiki, na kwamba mume asipotibiwa atamwambukiza tena. Nilijitolea kumpigia mimi. Akakataa. Ni haki yake.

Nimemdunga ya kwanza. Njiani nilikuwa na hasira na kila mtu.

Jumanne, 24 Juni
Muuguzi wa zahanati amepiga: sindano ya pili tayari. Mume hajaambiwa.

Ijumaa, 27 Juni
Mkuu amekubali turudie, kwa kununa. Jioni Muthoni akapiga mwenyewe. Amemwambia mume. Mume alikata simu na hajapiga tena. Nikamsihi asikose Jumanne, hata kama ni peke yake.

Jumanne, 1 Julai
Nimeenda Mukurweini mwenyewe kwa sindano ya tatu. Nilimkuta kwenye benchi, na mwanamume kando yake, viatu vimejaa saruji. Waliacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

Muthoni alidungwa kwanza. Kisha mume akauliza swali moja tu, nani alimletea mwenzake ugonjwa. Nikamwambia kipimo hakisemi hivyo. Kinasema tu nani atibiwe. Nje mtu alikuwa akipakua ndizi.

Mume akasimama, akavua koti, akatafuta pa kuliweka. Muthoni akanyoosha mkono akalipokea.